Boti Iliyokataa Kuzama

"Fundi, kwani boti inayokwenda juu ya maji haitoshi?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza Tiburcio Yagual swali hilo, nimekaa juu ya gogo katika karakana yake ukingoni mwa mto, hapa Guayaquil. Yeye alikuwa amelala chali chini ya mashua ya watu akikalafati, yaani akiziba nyufa za mbao, mdomo umejaa nyuzi za katani hata akaonekana kama mbuzi mwenye haraka. Alizitema, akanitazama, akautazama mto, kisha akasema, "Nipe hiyo nyundo ya mbao." Nikampa. Akarudi kazini. Nilisubiri jibu mpaka mama aliponiita nikageuze kakao tuliyokuwa tumeianika barabarani.

Si mimi peke yangu niliyetaka kujua. Mkewe, Doña Hermelinda, alimuuliza swali hilohilo kila asubuhi, kwa sauti kubwa kuliko yangu na bila kumwita Fundi.

Wenzangu shuleni wanaandika insha juu ya maisha ya majenerali. Majenerali wana farasi, na farasi wana sanamu, kwa hiyo hawana shida ya kukumbukwa. Mimi naandika ya jirani yangu.

Tiburcio alizaliwa juu ya chelezo. Baba yake alikuwa akiteremsha machungwa kwa mto Daule, mama yake akashikwa na uchungu njiani, na mtoto akatoka kabla mji haujaonekana. Mahali alipozaliwa hapana jina, maana mahali penyewe palikuwa panasogea. Alikulia hapohapo juu ya magogo ya mti wa balsa, mabichi na mepesi, na kabla hajajua kutembea sawasawa alijua kushika guara. Hizo ni mbao ndefu zinazochomekwa kati ya magogo na kuteremshwa majini. Ukizamisha ya mbele na kuinua ya nyuma, chelezo kinageuka; ukifanya kinyume, kinageuka upande wa pili. Hapana usukani. Hapana kelele. Mtu anayezijua guara anaendesha mzigo wa nyumba nzima kama anayefungua na kufunga droo.

Kwetu mto unakwenda pande zote mbili. Maji yakijaa, bahari inausukuma mto nyuma, nasi tunapanda nao. Yakipwa, tunashuka nao. Ndiyo maana hatuna haraka. Ukimwalika mtu kula humwambii saa, unamwambia "maji yakijaa". Harusi hupangwa kwa maji kujaa ili bibi harusi asikanyage tope akishuka mashuani. Padre mwenyewe huchungulia mto kabla ya kupiga kengele.

Tiburcio akawa kijana wa kwanza kuchoka kusubiri. Alifanya kazi kwenye mtambo wa miwa huko juu, akaona boila inavyochemsha maji mpaka mvuke unazungusha magurudumu, na ile boila ilipozeeka akaiomba, akaiteremsha kwa chelezo, akaifunga katika boti aliyoichonga mwenyewe. Akaiita Porfiada, yaani Mbishi. Watu wanasema kwa jina hilo alimkusudia mkewe. Mkewe anasema walikuwa hawajaoana.

Safari yake ya kwanza aliifanya makusudi maji yakiwa yanapwa, akapanda mto kwenda Samborondón, kinyume cha maji na kinyume cha desturi. Porfiada ilikohoa moshi, ikapiga filimbi, ikafika. Lakini gatini hapakuwa na mtu. Nani atasubiri boti kutoka mjini wakati maji yanashuka kwenda mjini? Maduka yamefungwa, wapagazi wamelala, hapana hata wa kudaka kamba. Alikuwapo mzee mmoja tu kwenye machela iliyotundikwa chini ya nyumba ya nguzo. Akafungua jicho moja.

"We kijana, umetoka wapi?"

"Guayaquil."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo asubuhi maji yanashuka. Mwongo wewe. Rudi zako, uje yakipanda, ndipo tukupokee."

Basi Tiburcio akaifunga boti yake mwenyewe, akangoja maji yajae, na wenyeji walipotoka kumpokea akawapungia mkono kama aliyefika sasa hivi.

Baadaye meli za moshi zikawa nyingi, nyingine zikatoka ng'ambo na mapambo ya shaba, na Porfiada ikawa boti tu kati ya boti. Ilimlisha vizuri. Alioa, alipata binti, akambatiza, baba wa ubatizo akiwa Nicanor Lindao, mwenye vyelezo vikubwa kuliko vyote mtoni. Tangu hapo wawili hao waliitana kompadre, kama waitanavyo mzazi na baba wa ubatizo, na kwa heshima ya neno hilo walitukanana kila siku ya Mungu.

Nicanor alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuvusha ng'ambo. Akipita na chelezo chake mbele ya karakana lazima aseme.

"Kompadre! Leo unapika nini kwenye hilo sufuria lako? Maharage?"

"Napika ubishi wako. Ni mgumu, hauivi."

"Boti ya kula kuni! Mimi changu kinakula nini? Kinakula maji ya Mungu, bure!"

"Na kinakwenda kama maji ya Mungu yanavyotaka. Ukimaliza kungoja, niambie."

Nilizaliwa katikati ya kelele hizo. Nilidhani ndivyo mto unavyosikika.

Mwaka ule wa swali langu, wakubwa wa mji waliutaka ukingo wetu. Kakao ilikuwa imezidi, maghala hayatoshi, na karakana ya Tiburcio ilikuwa imekaa mahali pazuri mno kwa karakana. Akaja bwana mmoja wa halmashauri, kofia ya majani mkononi, mpole. Alisema karakana inaweza kubaki kwa sharti moja: Porfiada ibebe kakao ya mji msimu mzima. Kazi rahisi. Tiburcio angeweza kuifanya amelala.

Badala yake akasema, "Nina kitu kingine."

Akamwongoza nyuma ya banda. Pale, juu ya vigogo, ilikuwapo nyambizi. Aliiita Bufeo, jina la pomboo wa ghuba yetu. Mbavu zake zilikuwa za mti wa guayacán, mgumu kama chuma, ngozi yake mbao za mwerezi zilizopakwa lami na kuvikwa ngozi za ng'ombe. Ilikuwa na kioo cha taa ya meli mbele, nyuma pangaboi ya kuzungushwa kwa miguu, mifuko ya ngozi ya kuingiza maji, na tumboni wavu wa mawe ambao ukivuta kamba unadondoka, ili boti ipande. Na ubavuni, kitu ambacho mtoto yeyote wa mto angekitambua: guara. Ila hizi alikuwa amezilaza, kama mapezi, ili zigeuze boti juu na chini badala ya kushoto na kulia.

"Siku ya sikukuu ya Oktoba," Tiburcio akasema, "nitazama mbele ya gati, nipite chini ya ile meli kuukuu ya makaa, nitokee upande wa pili. Nikiweza, karakana ni yangu, wala msirudi tena. Nikishindwa, chukueni."

Bwana wa halmashauri alishtuka. "Lakini Don Tiburcio, sisi tuliomba kakao tu."

"Nimesikia."

Siku ile Hermelinda hakupika. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, nasi majirani tukawa kila mmoja na kazi ya ghafla karibu na ukuta.

"Una Porfiada. Inatoa moshi, inapiga filimbi, inafika. Wamekuomba hiyohiyo! Na wewe unakwenda kuweka nyumba yangu rehani kwa pipa?"

"Si pipa."

"Haya, niambie. Ukiwa chini huko unapata nini usichokipata juu?"

Tiburcio akachukua nyundo.

"Usishike nyundo ninaposema na wewe!"

Akaiweka chini.

Asiye na jibu alikuwa na kazi. Aliivuta Bufeo kwa Porfiada mpaka Daule, kwenye maji alikozaliwa, akaizamisha huko mara nyingi. Alipima mawe moja moja, akaongeza, akatoa, mpaka boti ikawa inashuka kwa mfuko mmoja wa maji na kupanda kwa kamba moja. Ndani aliwasha mshumaa. Mshumaa ukififia, hewa imechoka, panda juu. Alirudi mjini amekonda na anacheka peke yake. "Inazama kama mtu anayekaa kitini," aliniambia. Hakuna fundi aliyewahi kujiamini hivyo, na mimi nilijiamini kwa niaba yake. Nilikwisha kulitangazia darasa zima.

Siku ikafika. Wakubwa walichagua saa ya maji kujaa, ili tope lisionekane na mabibi wakae gatini na viatu vyao. Bendi ikapiga. Wauza ndizi za kuponda na jibini waliuza mpaka zikaisha. Meli kuukuu ya makaa ilikuwa imetia nanga mbele yetu, nyeusi, haina mlingoti. Hermelinda alisimama mbele kabisa, amevaa nguo ya kanisani.

Tiburcio akaingia Bufeo, akafunga kifuniko. Tukasikia mfuko wa kwanza ukinywa maji. Bufeo ikatikisika. Mfuko wa pili. Bufeo ikayumba kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo asilolipenda. Mfuko wa tatu.

Haikuzama. Ilielea pale, mgongo wote nje, kama kizibo cha chupa.

Mwanzo watu walitazama kwa adabu. Kisha mtu akacheka, na adabu ikaisha.

"Fundi, mlango uko chini!"

"Mwiteni mkewe aikalie!"

Nicanor alikuwa kwenye chelezo chake hatua chache tu kutoka gatini, na sauti yake ikafunika bendi. "Kompadre! Mto umekuonja, umekutema!"

Bwana wa halmashauri alitoa saa mfukoni kuhesabu muda uliobaki kabla maji hayajaanza kupwa. Hakuwa na furaha, nasema kweli, lakini aliitoa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Darasa zima lilikuwa nyuma yangu.

Kifuniko kikafunguka. Tiburcio akatoa kichwa, akatuangalia sote, kisha akatumbukiza kidole mtoni na kukilamba. Akakilamba tena. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kingo za boti.

"Oktoba!" akasema. "Hermelinda, ni Oktoba!"

Ikatuchukua muda kidogo, kisha gati zima likaguna pamoja. Oktoba ni kiangazi. Mvua hakuna, mto umepungua nguvu, na maji yakijaa bahari inaingia mpaka mjini na chumvi yake. Kila mtu analijua hilo. Ndiyo sababu kiangazi tunanunua maji ya kunywa kwa wenye vyelezo kutoka Daule. Na maji ya chumvi hubeba zaidi, kila aliyewahi kuogelea baharini anajua. Tiburcio alikuwa amepima mawe yake kwa maji matamu ya kwao. Kosa la mtoto wa Daule: moyoni mwake mto ni mtamu mwaka mzima.

"Nahitaji uzito," akasema. Lakini mawe ya ukingoni yote yalikuwa chini ya maji yaliyojaa, na ile saa ilikuwa bado mkononi mwa bwana wa halmashauri. Tiburcio akatazama huku na huku. Macho yake yakasimama kwenye chelezo.

"Kompadre, una uzito gani?"

"Wa kutosha kukukalia!"

"Basi njoo unikalie. Kuna kiti cha pili."

Kicheko kikabadili upande. Nicanor akageuka mwekundu. "Mimi? Ndani ya hilo jeneza?"

"Humu mna guara mbili na mimi nina mikono miwili, nayo ina kazi. Nahitaji mtu wa kuzishika. Miaka yote unasema hakuna anayezijua kama wewe. Au unazijua za juu tu?"

"Ingia! Ingia! Ingia!" gati likaimba, na mpiga ngoma wa bendi akashika mdundo.

Nicanor akavua viatu. Akavua kofia, akampa mkewe, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Usiikunje." Alipoingia, Bufeo iliguna na kushuka mpaka shingoni. Kifuniko kikafungwa. Mfuko mmoja zaidi ukanywa maji, na mto ukaifunika boti, pole pole, bila hata wimbi. Inazama kama mtu anayekaa kitini.

Kisha pakawa hapana kitu. Mapovu machache kuelekea meli ya makaa, kisha hata hayo yakaisha. Bendi ilipiga wimbo mmoja ikaacha katikati. Sisi sote tulikaza macho upande wa pili wa meli, mahali wangetokea. Maji yalipita, kahawia, na visiwa vya magugu juu yake. Hawakutokea.

Mke wa Nicanor alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili kama sahani ya supu. Bwana wa halmashauri akamwinamia Hermelinda. "Doña, labda padre awaombee."

Hermelinda hakugeuka. "Haombewi mtu aliye kazini."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimekamata bega langu, na alama zake nilikuwa nazo siku tatu.

Sauti ilitoka tusikotazama. Mbali juu ya mto, kwenye vyelezo vya wauza maji, Eusebio muuza maji alikuwa anaruka juu ya mapipa yake. "Kuna kitu! Kuna kitu chini ya chelezo changu!"

"Samaki!" mtu akamjibu.

"Samaki gani anapiga hodi?"

Tukakimbia wote ukingoni, mabibi na viatu vyao. Tiburcio alikuwa amesahau jambo moja tu: maji yalikuwa bado yanajaa, na yaliwasukuma kupita meli, mbali. Walipodondosha mawe wapande, wakapandia chini ya chelezo kilichojaa mapipa. Ko, ko, ko, kutoka chini ya magogo. Kisha ko moja, dhaifu. Nikaukumbuka mshumaa.

"Kisogeze!" Hermelinda alipiga kelele. Alikuwa tayari majini mpaka kiunoni na nguo yake ya kanisani.

"Ni kizito, Doña, nina mapipa..."

"Yamwage!"

Eusebio akasita, maana maji matamu Oktoba ni mkate wa mtu. Kisha akapiga teke pipa la kwanza, na watu wakaparamia kumsaidia, na maji ya Daule yakarudi mtoni pipa baada ya pipa. Chelezo kikawa chepesi, pondo zikakisukuma, na Bufeo ikaibuka kando yake kama kiazi kwenye mchuzi. Kifuniko kikafunguka kwa kishindo. Kilichotoka kwanza ni kichwa cha Nicanor. Alivuta hewa, akavuta tena, akatutazama.

"Guara ya kushoto imekaa vibaya," akasema. "Inataka kuinuliwa kidole kimoja."

"Nilikuambia uinue!" sauti ya Tiburcio ikatoka ndani.

"Uliniambia kulia!"

Sijawahi kusikia watu wakishangilia ugomvi namna ile. Lakini bwana wa halmashauri alifika, anahema, na swali lake lilikuwa la haki. "Mmepita chini ya meli, au pembeni? Sisi hatukuona. Mmetokea huku."

Hakuna aliyeona. Walikuwapo wawili tu, na mmoja alikuwa ndiye mwenye karakana. Kwa hiyo sote tukamgeukia Nicanor, mtu aliyekuwa ameicheka kazi ya Tiburcio tangu sijazaliwa, ambaye siku hiyo asubuhi alikuwa ameapa hadharani kwamba kile kitu kikipita chini ya meli atatafuna guara yake. Neno moja tu, "pembeni", na angebaki mshindi mpaka kufa.

Nicanor akainamisha kichwa na kutenganisha nywele kwa vidole. Palikuwa na nundu, mbichi, kubwa kama yai la bata.

"Unaona hii, bwana? Huu ni mkuku wa meli yenu ya makaa. Tuliupiga kwa nguvu, na mimi nikaupokea kwa kichwa. Ukitaka kuhakikisha, ingia wewe. Kiti kina joto bado."

Bwana akarudisha saa mfukoni.

Karakana ikabaki. Eusebio alijaziwa mapipa yake na Porfiada, safari ya bure, na Nicanor alipanda nayo, kwa mara ya kwanza, "kuangalia tu". Bufeo ilizama tena mara kadhaa, wawili hao wakigombana humo ndani tukiwasikia mpaka maji yanapofunika. Jeshi halikuitaka, wafanyabiashara hawakujua waitumie nini, na mwishowe wadudu wa maji ya chumvi wakatoboa mbao zake. Mbavu za guayacán ziko bado. Kuku wa Hermelinda wanalala humo.

Mwaka huu nina miaka kumi na mitano. Juzi nilimkuta Tiburcio chini ya mashua, chali, nywele nyeupe, nyuzi mdomoni. Nikakaa.

"Fundi, niliwahi kukuuliza swali, hukunijibu."

Akatema nyuzi. "Kwamba juu ya maji hapatoshi."

"Umekumbuka!"

"Nimeulizwa na wewe mara moja, na Hermelinda kila siku. Nitakumbukaje lingine?" Akajitoa chini ya mashua, akakaa, akafuta lami mikononi. "Wakati ule sikujua, Tila. Haki ya Mungu. Jibu nimelijua baada ya kwenda chini."

"Haya."

"Mtu anakaa barazani kwa jirani yake maisha yake yote. Anakula samaki wa jirani, anaoga mlangoni kwake, amezaliwa kizingitini pake. Na ndani hajaingia hata siku moja. Anaweza kusema anamjua?"

Nikautazama mto. Maji yalikuwa yanajaa. "Na ndani kukoje?"

"Matope," akasema, na kucheka. "Giza, na matope, na Nicanor ananuka jasho. Lakini nimeingia."